Nyumbani ni Wapi Leo?

Shabiki wa soka wa Nairobi mnamlaumu eti haendi uwanjani. Uwanja upi? Klabu ya AFC Leopards ipo tangu 1964, Gor Mahia tangu 1968, na hakuna kati yao iliyo na uwanja wake. Mpangaji wa zaidi ya nusu karne, na bado kwenye ratiba anaitwa mwenyeji! Leo nyumbani ni Nyayo, kesho Dandora. Nyayo na Kasarani zikifungwa kwa ukarabati, nyumbani ni Machakos, kilomita sitini na ushee.

Haya, tuseme ni Nyayo, na wewe unatoka Kayole. Matatu mpaka tao, shilingi 80. Kutoka stendi ya Railways unapiga mguu kupitia barabara ya Bunyala, bure. Tiketi ya kawaida, 200. Smokie pasua, zile soseji za kupasuliwa, mbili, kachumbari ikimwagikia jezi, 80. Jioni mvua ikidondosha tone moja tu, makanga anageuza 80 kuwa 150. Jumla 510, na hujamleta mtoto. Kibanda cha TV cha mtaani 30 inakupa benchi na mechi ya Uingereza. Refa ukimtukana hakusikii, lakini hata wa Nyayo hakusikii.

Halafu kuna saa. Zile mechi nyingi za Jumamosi za Uingereza huanza saa kumi na moja yetu. Wao wakirudisha saa nyuma mwisho wa Oktoba, zinaanza saa kumi na mbili. Kwa hiyo Novemba, mechi ya hapa ikianza saa kumi, unaweza kupata zote mbili bora utoke dakika ya 80. Ukiona jukwaa zima limesimama dakika hiyo, usidhani ni shangwe.

Langoni fika saa nzima mapema. Milango ni mingi, unaofunguliwa ni mmoja, na foleni ya tiketi inagongana na foleni ya kupapaswa mifuko. Chupa yako ya maji ya 50 inabaki hapo chini na wenzake. Ndani chupa kama hiyo ni 100.

Na jua! Jukwaa lenye paa kwa kawaida huwekwa upande wa magharibi, ili jua liwapige wakubwa mgongoni. Sisi wa 200 linatuingia machoni kipindi chote cha pili. Bao likifungwa unamuuliza jirani ni la nani. Nunua gazeti. Kurasa za michezo kunja kofia, za siasa kalia, saruji ile inachoma.

Sasa ngoja mechi ya mashemeji, Gor na Leopards. Ngoma za isikuti zinasikika tangu Bunyala, nauli ni 150 na hakuna anayenung'unika, watu wamejaa hadi ngazini. Yule wa kibandani naye kafika, jezi mpya bado ina mikunjo ya dukani, kakukalia nusu ya gazeti.

"Boss, huyu kipa wetu tulimsajili lini?"

Ana msimu wa tatu.