Sina Chama, Nina Hesabu: Masharti Yangu kwa Anayetaka Kura ya 2027

Sina kadi ya chama na sitafuti. Mwaniaji atakayepita kwangu kabla ya Agosti 10, 2027 aache fulana na leso kwenye gari. Aje na majibu ya maswali machache, karibu yote yakiwa ya pesa, kwa sababu sera ya Kenya ambayo haina pesa nyuma yake ni wimbo wa kampeni tu.

Naanzia kwenye hati ya mshahara. Chukua mfanyakazi wa Sh50,000 kwa mwezi, kwa sheria ilivyokuwa mwaka 2025. NSSF, mfuko wa pensheni, inakata asilimia 6, yaani Sh3,000. SHIF, bima ya afya ya jamii, inachukua asilimia 2.75, Sh1,375. Ushuru wa nyumba za bei nafuu ni asilimia 1.5, Sh750. Makato hayo matatu yakishaondolewa, zinabaki Sh44,875 za kutozwa PAYE, yaani ushuru wa mapato unaokatwa kwenye mshahara. Sh24,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, Sh8,333 zinazofuata asilimia 25, na zilizobaki asilimia 30. Jumla ni Sh8,246. Toa msamaha wa Sh2,400 anaopewa kila mfanyakazi, unabaki na PAYE ya Sh5,846. Kinachofika benki ni Sh39,029.

Watu wengi wanalalamikia ukubwa wa makato. Mimi kinachoniudhi zaidi ni mahali ngazi za PAYE zilipowekwa. Asilimia 30 inaanza juu ya Sh32,333, na aliyefika hapo analipa kiwango kilekile na anayepokea Sh400,000. Mpaka wa Sh24,000 uliwekwa 2020, ule wa Sh32,333 ukaanza Januari 2021. Tangu hapo unga, nauli na kodi ya nyumba vimepanda, ngazi zikabaki palepale. Kwa hiyo mwajiri akimwongeza mtu wetu Sh5,000, SHIF, NSSF na nyumba zinameza Sh512 na ushei, PAYE inameza Sh1,346, na nyumbani zinafika Sh3,141. Ushuru umepanda bila mbunge yeyote kupiga kura ya kuupandisha.

Ninachotaka: ngazi ya kwanza ifike Sh30,000, asilimia 30 ianzie Sh50,000, na sheria iseme kwamba mipaka hiyo itasogezwa kila mwaka kulingana na mfumuko wa bei. Hapa kuna mtego. Mwaniaji akiahidi kuinua ngazi ya kwanza, muulize kuhusu msamaha. Ngazi ikifika Sh30,000 na msamaha ukabaki Sh2,400, mwenye Sh30,000 za kutozwa bado atadaiwa Sh600. Msamaha lazima upande hadi Sh3,000. Vyote viwili vikifanyika, mfanyakazi wetu wa Sh50,000 analipa PAYE ya Sh3,719, na Sh2,127 zinabaki mfukoni mwake kila mwezi.

Pengo hilo litazibwa na nini? Hapo ndipo wengi wanaanza kukohoa. Hazina Kuu huchapisha ripoti ya misamaha ya ushuru, inayoonyesha mapato ambayo serikali imeamua kutoyakusanya. Mwaniaji aifungue, ataje misamaha miwili au mitatu atakayoifuta, na aseme nani ataumia. Akijibu kwamba atafadhili kila kitu kwa kupambana na ufisadi, mazungumzo yetu yameisha. Kupambana na ufisadi ni wajibu, lakini huwezi kuuandika kwenye bajeti kama mapato ya mwaka.

Afya. SHIF ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, Oktoba 2024, aliyeajiriwa aliendelea kukatwa kila mwezi, lakini mama mboga na fundi wa jua kali wakatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, kwa hiyo hata mwenye kipato kidogo kabisa anatoa Sh3,600 mara moja. Biashara yake inazunguka kwa siku, bima inamtaka afikiri kwa mwaka. Matokeo yake yanatabirika: anayelipa ni yule ambaye tayari ana mgonjwa ndani, mwenye afya anangoja, na mfuko unabaki na bili nyingi kuliko michango. Na mwaniaji asiniambie suluhisho ni mkopo: kumkopesha mtu ili alipe bima ni kumwongezea deni juu ya ugonjwa. Aruhusiwe kulipa kwa mwezi au kwa robo mwaka, na akikosa mwezi mmoja asifungiwe mlango papo hapo. Na yale maswali ya hali ya nyumba yanayotumika kumkadiria mtu asiye na mshahara yapunguzwe uzito. Paa la mabati halisemi ni pesa ngapi zinaingia chini yake. Mfuko wa Afya ya Msingi, ambao hautegemei michango bali Hazina, upewe pesa za kutosha kwanza, kwa kuwa zahanati ndiko wengi wanakoanzia.

Kaunti nazo zina hila yake. Kila mtu anakariri kwamba Katiba inazipa angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Wachache wanamalizia sentensi: asilimia 15 ya mapato kwa mujibu wa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Bunge likichelewa kuidhinisha ripoti za Mkaguzi Mkuu, hesabu inapigwa kwa mapato ya miaka ya nyuma, na asilimia inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Kwa hiyo anayejipigia debe kuwa mtetezi wa ugatuzi nitamuuliza swali moja tu: utafanya nini ili hesabu zisikae bungeni zikizeeka? La pili ni tarehe. Sheria ya fedha za umma inataka kaunti zipate pesa ndani ya siku 15 za mwanzo wa kila robo mwaka. Zikichelewa, anayelala njaa si gavana. Ni aliyepeleka dawa au kokoto kwa mkopo, akiwa na benki inayompigia simu.

Deni: Februari 2024 Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 kwa riba halisi ya asilimia 10.375 ili kupunguza mzigo wa mkopo wa dola bilioni 2 uliokuwa na riba ya asilimia 6.875 na uliotakiwa kulipwa Juni mwaka huo. Haikuwa na nafasi nyingi, nakubali. Ila Kifungu cha 211 cha Katiba kinaipa kila nyumba ya Bunge uwezo wa kupitisha azimio na kumdai Waziri wa Fedha maelezo ya mkopo wowote ndani ya siku saba. Mbunge asiyejua kifungu hicho asinihubirie kuhusu mikopo. Vilevile Kifungu cha 223, kinachoruhusu serikali kutumia pesa kwanza na kuomba idhini ndani ya miezi miwili, hadi asilimia 10 ya bajeti iliyopitishwa. Kiliwekwa kwa ajili ya dharura. Kila matumizi ya namna hiyo yatangazwe siku pesa zinapotoka, na sababu yake iandikwe.

Mafuta nitasema kwa ufupi. Ada ya barabara ilipanda kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita Julai 2024, na mwaka 2025 Sh7 kati ya hizo zikawekwa rehani ili kupata Sh175 bilioni za kuwalipa wanakandarasi wa barabara. Anayekuahidi kuzifuta hizo Sh7 anakuahidi pesa ambazo zimeshauzwa. Aseme kwanza atamlipa nani, na kwa pesa zipi.

Maoni ya umma huwa tunakimbilia Mswada wa Fedha ukishafika, kama ilivyokuwa Juni 2024 hadi Rais akakataa kuutia saini baada ya vijana kufa barabarani. Lakini Taarifa ya Sera ya Bajeti hufika bungeni kufikia Februari 15, na humo ndimo viwango vya juu vya matumizi ya kila sekta hupangwa. Makadirio yenyewe hufuata kufikia Aprili 30. Mwaniaji ambaye tayari ni mbunge nitamuuliza alisema nini Februari. Aliyesubiri Juni ili apige kelele amepigia bajeti iliyokwisha kupikwa.

Na wagombea huru wasidhani wana kura yangu bure. Sahihi 1,000 za wapigakura wa eneobunge zinamfikisha mtu kwenye karatasi ya kura. Ndani ya Bunge, viti vya kamati vinagawanywa kwa meza inayoshikiliwa na vyama, na tarakimu nyingi huamuliwa katika Kamati ya Bajeti. Mgombea huru aniambie, kwa majina ya vyama, ataungana na nani ili aingie huko, na atawapa nini nao wakubali.