Fungate ya kifungoni

Msimu wa harusi umerudi na matangazo yake. Safari hii wanauza Barbados, kisiwa cha Karibi: siku saba, kila kitu kimeshalipiwa, bwana na bibi harusi wamejilaza ufukweni, kila mmoja na mkanda wa plastiki mkononi kama mgonjwa aliyelazwa. Chini yake: "ufukwe wa faragha kwa ajili yenu wawili".

Faragha ya wapi? Barbados hakuna ufukwe wa mtu. Mchanga ni wa umma, kuanzia Carlisle Bay pale Bridgetown, mji mkuu, hadi mbele ya hoteli ambazo usiku mmoja unakula mshahara wa mwalimu. Cha hoteli ni vitanda na miavuli, basi. Hata pwani ya magharibi kwenye majumba ya mabilionea, kati ya ukuta na ukuta mna vichochoro vyenye kibao cha njia ya umma. Pita na taulo lako begani, tandika, oga. Sisi ambao tumewaona walinzi wa hoteli wakiwakazia macho watoto wa kijiji kwenye mchanga wa kwao, tungekuwa wa kwanza kufurahia jambo hilo. Badala yake tunachangishana kwenye kundi la harusi ili wenzetu wakalipie ukuta.

Haya, nakiri shingo upande: maji ya magharibi yametulia kama ya beseni, na watu waliotoka kwenye vikao vya harusi vya miezi mitano wana haki ya kulala. Wapeni siku mbili. Siku ya tatu waamke, wapande basi.

Maana kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita 34 na upana wa 23. Pangeni chumba chenye jiko upande wa kusini, Worthing au karibu na Oistins, mji wa wavuvi, barabarani kabisa. Nauli ya basi ni dola 3.50 za Barbados, iwe mnashuka kituo cha pili au mnakata kisiwa kizima. Dola yao imefungwa kwa ya Marekani, mbili kwa moja, kwa hiyo wawili kwenda na kurudi ni dola 14 za kwao, yaani 7 za Marekani. Mabasi ya serikali ni ya buluu yenye mstari wa njano, na dereva wake hana chenji. Ukimpa noti ya ishirini, umetoa sadaka. Ya njano ni ya watu binafsi. Halafu kuna ZR, vile vipanya vyeupe vyenye mstari wa rangi ya damu ya mzee: muziki juu, watu wanne kwenye siti ya watatu, kona inakatwa kama deni. Aliyepanda matatu ya Nairobi hahitaji maelekezo. Kwenye nguzo ya kituo tazama maandishi: "To City" ni kwenda Bridgetown, "Out of City" ni kutoka. Nyoosha mkono, la sivyo linakupita. Na ukiingia, salimia. Kule anayeingia dukani au kwenye kipanya bila "good morning" anaonekana hakulelewa, na kwa hilo tu mtajisikia nyumbani.

Basi la kupanda ni la Bathsheba, pwani ya mashariki, kutoka stendi ya Fairchild Street pale Bridgetown. Linapanda katikati ya mashamba ya miwa, kisha barabara inaporomoka na bahari inajitokeza yote kwa mpigo. Hapo hakuna beseni tena. Mawe makubwa ya matumbawe ya kale yamesimama majini, yameliwa chini na mawimbi hadi yakabaki na umbo la uyoga. Ukielekea mashariki kutoka hapo, nchi kavu inayofuata ni pwani ya Senegal na Gambia, kwa hiyo wimbi limesafiri bahari nzima bila kizuizi na linafika likiwa na hasira zake zote. Wapanda mawimbi wanalifuata kutoka kila pembe ya dunia. Nyinyi msiliingie. Mkondo wa chini unavuta hata pale maji yanapokufika kiunoni tu. Kaeni kwenye vidimbwi vilivyokingwa na miamba, maji yakiwa yamekupwa. Lakini msitarajie kupwa kwa Paje, ambako bahari inaondoka na kukuachia uwanja wa mpira: Barbados tofauti ya maji kujaa na kupwa kwa kawaida haifiki hata mita moja, wakati Unguja inaweza kupita tatu. Mkitaka kuogelea hasa, shukeni kusini kidogo hadi Bath, kuna mwamba unaovunja wimbi kabla halijafika. Na kabla hamjatulia, muulizeni dereva basi la mwisho ni saa ngapi, hasa Jumapili. Teksi hazina mita. Bei inapatanwa kabla mlango haujafungwa.

Kitu cha kuharibu siku ni mwani. Si ule unaolimwa kwetu. Ni wa kahawia, unaelea kwa marundo kutoka Atlantiki tangu 2011, na upepo unausukuma kwenye pwani ya mashariki na kusini, zaidi kati ya Machi na Agosti. Ukioza unanuka yai viza na kusawijisha mikufu ya fedha. Ukikuta umejaa, siku hiyo rudini magharibi bila kinyongo. Mtaona sasa kwamba sichukii magharibi, nachukia mkanda.

Ila chakula ndicho kinachoniuma zaidi. Kufika Barbados ukala tambi za bufee! Chakula cha taifa lao ni cou-cou: bamia zinakatwa, zinachemshwa, maji yake yanachujwa, kisha unga wa mahindi uliolowekwa unamiminwa humo kidogo kidogo huku unasongwa kwa mwiko wa bapa hadi ulainike, mwishoni bamia zinarudishwa. Jamani, ni ugali uliofunga ndoa na mlenda! Unaliwa na mchuzi wa panzi, yule samaki anayeruka. Na breadfruit yao ni shelisheli letu, lililochomwa motoni hadi ganda likawa jeusi ti. Mkiona "dolphin" kwenye orodha ya vyakula msishtuke, hakuna aliyemchinja pomboo, ni fulusi. "Sea cat" ni pweza. Jumamosi kuna "pudding and souse", viazi vitamu na nyama ya nguruwe ya kuchachushwa. Asiyekula nguruwe apite mbali.

Mengine kwa haraka. Msilale chini ya mti uliopakwa rangi nyekundu shinani: ni manchineel, tunda lake linafanana na tufaha dogo la kijani na ni sumu, na mvua ikipita kwenye majani yake inakutoa malengelenge. Nguo za mabaka ya kijeshi ni kosa la jinai, hata za mtoto. Umeme ni volti 115: simu itachaji, jagi la umeme la nyumbani litachemka kesho. Maji ya bomba yanyweni. Vimbunga ni Juni hadi Novemba. Beryl, Julai 2024, kilipita kusini tu na bado kikavunjavunja boti za wavuvi.

Na wale wanaotangaza "Barbados bila viza" waseme na nusu ya pili. Pasipoti ya Kenya au Tanzania haiombwi viza Barbados, kweli. Shida iko njiani: ukipita Marekani unahitaji viza hata kama hutoki uwanjani, na London nayo inadai ya kupita, isipokuwa kwa misamaha michache. Kadi ya homa ya manjano nayo iwe mkobani. Wapenzi wanakwama kaunta ya kwanza huku begi lina mafuta ya jua ya lita nzima.

Ijumaa usiku nendeni Oistins. Ndiyo, kumejaa watalii, foleni ndefu, spika zinagombana. Nendeni tu, mapema, na agizeni sahani moja kwanza: samaki wa kuchoma, shelisheli, makaroni ya kuoka, kachumbari ya kabichi. Wawili mtahangaika kuimaliza.