Briji ya gitaa ni vipimo kwanza, chuma baadaye

Karibu kila mtu anayetaka kujitengenezea briji ya gitaa, kile kipande kwenye mwili wa gitaa nyuzi zinapokalia, anaanza na swali moja, nitumie brasi au chuma cha pua au aluminiamu, ipi inatoa sauti nzuri. Mi naona hilo swali linakuja mapema mno. Ukichonga briji mwenyewe, faida kubwa unaipata kwenye vipimo, yani nyuzi zikae pale shingo ya gitaa lako na vidole vyako vinapotaka, na hicho briji ya dukani haiwezi kukupa kwa sababu imetengenezwa imfae kila mtu.

Chukua upana wa nyuzi tu. Gitaa za Fender Stratocaster za mwanzo, zile za kuanzia 1954, pale kwenye briji kutoka uzi wa kwanza mpaka wa sita ni kama milimita 56.4, na briji nyingi za kisasa ni kama 52.4. Mtu ataona milimita 4 si kitu, lakini kati ya nyuzi sita kuna nafasi tano, kwahiyo kila nafasi imepungua milimita 0.8, na anayepiga kwa vidole analijua hilo palepale bila kuambiwa. Na shingo ikiwa nyembamba afu briji pana, uzi wa kwanza unakimbilia ukingoni, ukiusukuma kidogo unateleza nje ya freti, vile vijiti vya chuma vya kwenye shingo, hapo hata ungenunua briji ya titani haikusaidii kitu.

Alafu kuna mviringo wa shingo, yani jinsi uso wa ubao wenye freti ulivyopinda kama tao, ambao watu wengi wanaupita tu. Fender za zamani nusu kipenyo cha ubao wa freti ni inchi 7.25, kama milimita 184, wakati Tune-o-matic, briji ya Gibson, ilichongwa kwa inchi 12, kama milimita 305. Piga hesabu kwa upana wa 52.4: kwenye ule wa 184 nyuzi za pembeni zinakuwa chini ya kilele kwa milimita 1.9 hivi, kwenye 305 ni 1.1 tu. Sasa ukiweka briji ya 305 juu ya shingo ya 184, ukipata kimo kizuri pembeni nyuzi za katikati zinagonga freti, ukizipandisha za katikati zile za pembeni zinakuwa juu mno na mkono unachoka. Ndo maana nasema shika kalipa (kifaa cha kupimia vipimo vidogo) na kipimo cha mviringo kabla hujawasha kompyuta.

Na kompyuta yenyewe thamani yake ni hapa: modeli, yani mchoro wa briji kwenye kompyuta, unaijenga kwa namba zilizoungana. Kwenye programu ya kuchorea ya FreeCAD kuna jedwali, kwenye nyingine ya Fusion kuna sehemu ya kuandika vipimo kwa majina, weka humo urefu wa uzi, upana, mviringo, unene wa kila uzi, afu mashimo na mifereji yote ivute kutoka kwenye hizo namba. Ukibadilisha 52.4 kuwa 54 kila kitu kisogee chenyewe. Mtu akichora kwa kukokota mistari kwa macho, gitaa la pili likija inabidi aanze upya, na hiyo kwangu haina maana ya kuitwa modeli.

Unene wa nyuzi nauweka makusudi. Seti ya nyuzi ya 10 mpaka 46 (namba hizo ni sehemu za elfu za inchi), uzi wa kwanza ni milimita 0.25 na wa sita ni 1.17, kwahiyo ukipanga kwa kugawa sawa kati ya vitovu vya nyuzi, uwazi kati ya wa sita na wa tano unakuwa mdogo kuliko ule wa kwanza na wa pili kwa kama milimita 0.75. Mi nagawa uwazi, sio vitovu. Kwa mkono tofauti ni kubwa sana, na kwenye modeli ni mstari mmoja wa hesabu.

Kuhusu intonesheni, yani noti kulia sawasawa kwenye kila freti: uzi ukiubana kwenye freti unavutika na sauti inapanda, ndo maana kikalio cha uzi, kile kidude cha kwenye briji uzi unapokaa, kinarudishwa nyuma kidogo kupita urefu wa uzi ulioandikwa kwenye karatasi. Uzi mzito unarudi zaidi, na wa tatu usiosokotwa unarudi kuliko wa nne uliosokotwa, usishangae ile ngazi ikikatika hapo. Telecaster za mwanzo zilikuwa na vikalio vitatu tu, nyuzi mbilimbili, lazima uchague uzi upi uumie. We unachonga mwenyewe, weka sita. Kikalio cha uzi wa kwanza kikae karibu na mwisho wa mbele wa safari yake, kwa jumla acha safari ya kama milimita 10.

Kabla ya chuma printi ya plastiki kwanza. Ikalishe kwenye gitaa, funga uzi wa kwanza na wa sita bila kukaza sana maana zote sita zikikazwa ni kama kilo 45, angalia nyuzi zinapita wapi juu ya shingo na juu ya pikapu, zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi. Kosa la plastiki halina gharama.

Kwenye CNC, mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, kumbuka biti ni duara, ya milimita 3 inaacha kona ya ndani yenye nusu kipenyo cha 1.5, kwahiyo kona kali ya ndani kwenye modeli ni kitu ambacho mashine haitakuchongea. Chora kona za duara tangu mwanzo. Kila tundu uzi unapopita lisuguliwe mpaka kusiwe na makali, uzi ukikatika mara kwa mara sehemu ileile tatizo liko hapo.

Sasa ndo tuongelee chuma. Brasi ina uzito mara tatu ya aluminiamu, kwa gitaa ambalo tayari linaumiza bega mi nachonga bamba la aluminiamu na vikalio vya chuma cha pua, maana aluminiamu ni laini na uzi unaila. Skrubu za M3, zenye kipenyo cha milimita 3, toboa milimita 2.5 ndo ukate tredi, na bamba likienda kupigwa anodaizi, yani kuoteshwa ngozi ngumu kwa umeme, ziba hayo matundu kwanza, ile ngozi inayoota ndani inayapunguza na skrubu zitagoma.