Mkataba wa Kenya na Ulaya: ushuru umeondoka, masharti yamebaki

Tangu Julai 1, 2024, Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya unaruhusu bidhaa zetu zote, isipokuwa silaha, kuingia huko bila ushuru. Wanaousifu kama ukombozi wa mkulima wanatia chumvi. Chai nyeusi na kahawa mbichi hazikuwa zikitozwa ushuru Ulaya hata bila mkataba, na maua yetu yalikuwa yakipita bure kwa mpango wa muda.

Faida kubwa ni uhakika. Mpango huo ulipokatika Oktoba 2014, maua ya Kenya yalitozwa ushuru wa asilimia 5 hadi 8.5 kwa karibu miezi mitatu. Nani angejenga kiwanda kwa kutegemea ruhusa ya aina hiyo? Kahawa iliyokaangwa hutozwa asilimia 7.5 ikitoka nchi isiyo na nafuu yoyote. Sasa anayetaka kukaanga na kufungasha Nyeri anaweza kupiga hesabu ya miaka mingi, ingawa bado atapambana na wakaangaji wa Ujerumani na Italia wenye majina makubwa.

Kwenye avokado, hadithi ni nyingine. Peru na Afrika Kusini nazo zina mikataba yao na Ulaya, kwa hiyo sifuri yetu inakutana na sifuri yao. Kinachoamua ni ubora na safari, na tangu mwishoni mwa 2023 meli nyingi zimekuwa zikiikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka kusini mwa Afrika. Tunda lililochumwa changa halitaiva vizuri hata likifika salama. Kipimo cha ukomavu kinajulikana: nyama ya tunda hukwanguliwa, hupimwa uzito, hukaushwa kwenye mikrowevu, kisha hupimwa tena. Hass, aina ya avokado inayouzwa sana nje, inatakiwa kubaki na angalau asilimia 24 ya uzito wake. Dalali anayevuna shamba zima kwa siku moja hana habari na hilo. Kwenye waridi, kiwavi mmoja akionekana ndani ya ua, shehena nzima inaweza kukataliwa.

Wanaoupinga mkataba wana hoja ya kweli. Kenya nayo itafungua soko lake kwa bidhaa za Ulaya, hatua kwa hatua hadi miaka 25, na ingawa mazao nyeti yameachwa nje, viwanda vichanga vitabanwa. Tanzania na Uganda hazikuwa na haraka, kwani zinaingia Ulaya bila ushuru kama nchi maskini zaidi. Kenya haikuwa na kimbilio hilo, na kwangu hiyo ndiyo sababu nzito ya kutia saini.

Kazi iliyobaki iko mashinani. Vikundi vya wakulima viandike kila dawa inayopuliziwa na tarehe yake, viuze kwa mkataba, na vikatae kuchumiwa mapema. Kaunti kama Murang'a ziweke mizani na mikrowevu kwenye vituo vya kukusanyia mavuno, ili mkulima ajue kama tunda lake limekomaa kabla dalali hajafika.