Nundu Mbili za Ngamia

Najua mmeshaisikia. Jamaa yangu katuma sauti ya dakika nne kwenye kundi letu la walenga shabaha, na dakika tatu kati ya hizo ni kicheko. Kabla haijafika kwa mashemeji, acheni niseme mwenyewe, maana kwake yeye maganda yalikuwa mia tano na mimi nililia. Yalikuwa 200. Na yale hayakuwa machozi, lilikuwa jasho. Tutafika huko.

Kwa mliojiunga jana: ukishafyatua risasi, ganda la shaba halitupwi. Unatoa fataki iliyokufa kule kitakoni (fataki ni kale kakifuniko kadogo kanachopigwa na pini ya bunduki na kuwasha baruti), unasafisha, unatia fataki mpya, baruti, kichwa, mchezo unaendelea. Sisi wenye ugonjwa wa usahihi huyapima uzito kwanza. Maganda mawili umbo moja kwa nje, moja likawa zito, basi huenda ukuta wake ni mnene na umekula nafasi ya ndani. Baruti ileile kwenye chumba kidogo, shinikizo linapanda, mwendo wa risasi unabadilika, tundu linahama kwenye karatasi. Hilo ni kweli. Lishikeni vizuri, ndilo jambo pekee nililopatia usiku ule.

Nikakaa na maganda yangu ya .308, aina ya risasi za bunduki yangu, na mizani ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya kumi ya greni. Greni moja ni kama miligramu 65, kwa hiyo tunazungumzia miligramu sita na ushee. Kwa kipimo hicho pumzi yako ni kimbunga. Feni ikiwaka, namba zinacheza ngoma. Nikazima feni, nikafunga madirisha, nikawa napima huku nimebana pumzi. Kufika ganda la sitini, tone la jasho likadondoka puani likatua kwenye sahani. Mizani ikasoma 0.8. Mtu mwenye akili angefungua dirisha. Mimi niliandika daftarini: "Jasho, tone 1, greni 0.8."

Kila ganda nililisimamisha wima kwenye sahani, mdomo juu, kitako chini. Kumbukeni hilo pia.

Saa nane za usiku nimemaliza, nikachora grafu: uzito gani una maganda mangapi. Maganda ya boksi zilezile hutakiwa kuchora kilima kimoja, wengi katikati, wachache pembeni. Mimi nilipata ngamia. Nundu moja kwenye greni 171, nyingine kwenye 176, na katikati pale patupu, kama mto umepita. Ndugu zanguni, mwili ulinisisimka. Nikajua nimekinasa kiwanda: wamebadilisha mashine katikati ya kazi na hawakutuambia!

Nikaandika kundini. Sikuandika ujumbe, niliandika mhadhara. Aya sita, na picha ya ngamia wangu. Kijana mmoja mgeni akauliza kwa adabu zote, "Mzee, samahani, umehakikisha yote yapo katika hali moja?" Nikamjibu, "Kijana, mizani haidanganyi." Nikaenda kulala kama mfalme.

Asubuhi jamaa akaja kuuona ugunduzi. Nimeupanga mezani: wepesi kushoto, wazito kulia, yote yamesimama kama gwaride. Akaguna kwa heshima. Nikaanza kumweleza habari za shinikizo. Yeye akanyoosha mkono upande wa kulia, akachukua ganda moja, akachungulia mdomoni. Akanusa. Halafu, taratibu kabisa, huku mimi bado naongea, akaligeuza.

Akatulia.

Akaliweka. Akachukua la kushoto, akaligeuza nalo. Akarudi kulia, akachukua la pili. La tatu. Mimi maneno yalianza kuniishia, ila mdomo ulikuwa bado unasema "msongamano wa shaba" peke yake. Akanishikia mawili mbele ya macho, vitako vikinitazama. La kushoto lina tundu, unaona mwanga upande wa pili. La kulia lina fataki kuukuu imekaa palepale, na kale kashimo ka pini katikati, kama kitovu.

"Ndugu yangu," akasema, "hawa wazito wako hawajavuliwa viatu."

Mia moja nilizitoa fataki wiki iliyopita. Simu ikalia. Niliporudi niliyamwaga yote 200 kwenye mashine ya kusafishia, pamoja na unga wa magunzi, nikasahau. Usiku mzima nimeyashika moja moja kwa vidole hivi, na ushahidi nimeukalisha chini ya kila ganda kwa mikono yangu. Jamaa hakuridhika. Akatoa fataki moja, akaiweka juu ya mizani yangu, akabana pumzi, tena kwa maringo, kama nilivyomfundisha. Ikasoma 5.0. Toa 171 kwenye 176 mwenyewe.

Jasho likatoka upya. Hapo ndipo anaposema nililia.

Mengine si mengi: nikatoa fataki mia zilizobaki, nikapima tena, ngamia akafa, kikabaki kilima kimoja cha kawaida na maganda saba ya kuweka kando. Mhadhara nikaufuta, lakini kumbe walishaupiga picha. Yule kijana nikamwomba radhi, akajibu "Hakuna shida, Mzee, mizani haidanganyi."

Kiwanda sikukiomba radhi, hakijui.

Na jina wamenipa. Sasa kundi zima wananiita Fataki. Jana ujumbe umeingia mke wangu kashika simu: "Fataki, leo unatoka?" Hebu mwenye ulimi mtamu aje amweleze kwamba hayo ni mambo ya maganda ya risasi, maana mimi nimejaribu mara mbili.