M23, Kigali na gharama ya kukana

Tarehe 4 Desemba 2025 Rais Paul Kagame wa Rwanda na Rais Félix Tshisekedi wa Kongo walitia saini mkataba wa amani mjini Washington, Rais Donald Trump akiwa pembeni. Haikutimia hata wiki, wapiganaji wa M23, waasi wa mashariki mwa Kongo wanaoongozwa na Watutsi, wakaingia Uvira, mji wa Kivu Kusini unaotazamana na Bujumbura ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Maelfu ya watu wakavuka mpaka kukimbilia Burundi, wengine wakiwa na watoto mgongoni na godoro kichwani. Marekani ilipokasirika, kundi likatangaza kwamba litauachia mji.

Waliosaini Washington ni Kongo na Rwanda. M23 haikuwamo, maana mazungumzo yake na Kinshasa yanafanyika Doha chini ya Qatar. Rwanda kwa upande wake inasema M23 si jeshi lake na hailiongozi. Kwa hiyo aliyesaini anasema hapigani, na anayepigana anasema hakusaini. Mkataba wa namna hiyo unavunjwa bila mvunjaji kupatikana, na nadhani hapo ndipo ulipo ugonjwa wa vita hii.

Nianze na hoja za Kigali, kwa sababu huku kwetu wengi huzipuuza kabla ya kuzisikiliza. Mwaka 1994 zaidi ya watu 800,000 waliuawa Rwanda ndani ya siku mia moja, wengi wao Watutsi. Wauaji walioshindwa walivuka mpaka wakiwa na silaha zao, wakajificha ndani ya kambi za wakimbizi za Goma na Bukavu, na kutoka humo wakawa wanarudi kushambulia. Jumuiya ya kimataifa ililisha kambi hizo bila kuwatenga wenye bunduki. Mabaki yao ndiyo yaliyozaa FDLR mwaka 2000, na kundi hilo lipo mpaka leo. Wapiganaji wake wamepungua sana kuliko zamani, lakini jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa limeandika mara kwa mara kwamba jeshi la Kongo limeshirikiana nalo dhidi ya M23, likipigana bega kwa bega na vikundi vya wanamgambo viitwavyo Wazalendo. Mnyarwanda aliyezika ukoo mzima mwaka 1994 akisikia kwamba serikali jirani inawapa risasi warithi wa Interahamwe, wanamgambo wa mauaji yale, asiogope kwa nini?

Kuna pia suala la Wakongomani wanaosema Kinyarwanda. Sheria ya 1972 iliwapa uraia wengi wao, ya 1981 ikawavua, ya 2004 ikawafungulia mlango tena. Watu waliozaliwa Masisi na Rutshuru, ambao babu zao walizikwa huko, wamekaa kambi ya Kiziba nchini Rwanda tangu 1996. Watoto waliozaliwa humo sasa wana watoto wao. Banyamulenge, Watutsi wa milima ya Kivu Kusini, wamechomewa vijiji na kuporwa ng'ombe, na matamshi ya chuki dhidi yao yamesikika hadi kwa watu wenye vyeo. Tshisekedi mwenyewe, kwenye kampeni za Desemba 2023, alisema angeweza kuliomba bunge lake ruhusa ya kutangaza vita dhidi ya Rwanda. Kinshasa pia ilileta askari wa kukodiwa kutoka Romania. Goma ilipoanguka Januari 2025, zaidi ya 280 kati yao walijisalimisha na kurudishwa kwao kupitia Kigali.

Kwa hiyo Rwanda inaposema imechukua "hatua za kujihami" mpakani, haisemi jambo la kutunga. Hofu yake ina mizizi.

Tatizo ni kile kilichofanyika kwa jina la hofu hiyo. Ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya katikati ya 2024 ilikadiria kuwa askari wa Rwanda 3,000 hadi 4,000 walikuwa ndani ya Kongo, na ikasema jeshi hilo ndilo linaloongoza operesheni za M23. Mwaka huohuo, mwezi Aprili, kundi lilitwaa Rubaya, machimbo yanayotoa takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia. Wataalamu hao walikadiria kwamba ushuru unaokusanywa huko unaliingizia kundi kama dola 800,000 kwa mwezi, na kwamba madini yanavushwa kwenda Rwanda. FDLR hawachimbi Rubaya. Bukavu, iliyochukuliwa Februari 2025, iko mbali na ngome zao za Kivu Kaskazini, na Uvira iko mbali zaidi. Anayewinda FDLR hahitaji kuteua magavana, kukusanya kodi sokoni na kuandikisha polisi wapya. M23 imefanya yote hayo, na tangu Desemba 2023 inafanya kazi chini ya mwavuli wa kisiasa wa AFC ya Corneille Nangaa, mtu aliyesimamia uchaguzi wa Kongo wa 2018. Wanachotaka sasa ni zaidi ya usalama wa Watutsi. Wanazungumzia Kinshasa.

Raia wamelipa. Kishishe, Novemba 2022, Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya watu 100 waliouawa. Rutshuru, Julai 2025, ofisi ya haki za binadamu ya umoja huo ilisema M23, wakisaidiwa na askari wa Rwanda, waliua watu wasiopungua 319 ndani ya majuma mawili, wengi wao wakulima waliokuwa mashambani. Kundi lilikanusha. Kigali ilikanusha. Wazalendo na jeshi la Kongo nao wameua, wamebaka na wamepora, na ripoti zilezile zimeyaandika hayo. Sioni njia ya kuyasoma makosa ya upande mmoja na kuufunga ukurasa wa pili.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuuliza: nani kati yetu mwenye mikono safi? Museveni alipoingia Kampala Januari 1986, jeshini mwake walikuwemo Fred Rwigema na Kagame. Oktoba 1990 wakimbizi haohao walivuka kutoka Uganda na bunduki kuanzisha vita ya RPF, chama cha Kagame. Sudan iliwasaidia LRA, waasi wa Uganda, na Uganda ikawasaidia SPLA, waasi wa Sudan Kusini. Laurent Kabila aliishi Tanzania miaka mingi kabla ya kupelekwa Kinshasa na majeshi ya watu wengine. Sisi Tanzania tulikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU tangu 1963. Tuliwapa FRELIMO kambi na njia, na mwaka 1979 tuliingia Kampala pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Anayesema kwamba kumsaidia mwasi wa nchi nyingine ni dhambi wakati wote, itabidi aanze kutubu hapa nyumbani.

Sisemi hivyo, na hapa natofautiana na wenzangu wanaoamini mpaka ni mpaka, basi. Yapo mazingira ambayo watu hawana njia nyingine ya kujinusuru na jirani analazimika kuwasaidia. Ninachokipima ni kama anayesaidia yuko tayari kujitokeza hadharani. Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alitangaza vita redioni, Amin akiwa amevamia Kagera. Mkutano wa OAU wa Monrovia Julai 1979 ulipofika, viongozi kadhaa, akiwemo Nimeiry wa Sudan, walimshambulia kwa kuingia Uganda. Alikubali kulaumiwa. Gharama za vita zilijulikana ni za nani, na askari waliotenda maovu walijulikana ni wa jeshi gani. Mtu akitaka kubishana na uamuzi ule leo, anao uamuzi wa kubishana nao.

Kwa Kongo mambo yamekwenda kinyume tangu mwanzo. Mwaka 1996 Kigali ilisema vita ya AFDL, kundi la waasi la Laurent Kabila, ni ya Banyamulenge wenyewe. Julai 1997, Mobutu akiwa ameshaondoka, Kagame aliliambia gazeti la Washington Post kwamba Rwanda ndiyo iliyopanga na kuongoza. Agosti 1998 kundi jingine la waasi, RCD, likaibuka Goma, Rwanda ikakana kuwa na askari huko, kisha Novemba ikakiri. Mwaka 2012 ni vivyo hivyo. Februari 2025, Goma ikiwa imeshatekwa, Kagame aliulizwa na CNN kama askari wake wako Kongo, akajibu kwamba hajui, ingawa yeye ndiye amiri jeshi mkuu. Katika miaka yote hiyo jina la James Kabarebe linajirudia. Alikuwa mkuu wa majeshi ya Kongo chini ya Laurent Kabila, na Februari 2025 Marekani ilimwekea vikwazo kama waziri wa Rwanda aliye kiungo na M23.

Athari kubwa ya kukana huku inawaangukia walewale wanaodaiwa kulindwa. Mtutsi wa Kongo anayeuza maziwa Kinshasa au anayesoma Lubumbashi hana jeshi. Kila mji unapotekwa na kundi ambalo kila mtu anajua linatumwa, na mtumaji akasema hatumi, majirani zake wanahitimisha kwamba kila mwenye sura yake ni askari aliyejificha. Miaka thelathini ya AFDL, RCD, CNDP iliyoitangulia M23, na M23 yenyewe imewaacha Banyamulenge katika hatari kubwa kuliko ile waliyokuwa nayo mwanzoni. Wapo Banyamulenge wanaosema hivyo waziwazi, na baadhi yao wamewahi kuchukua silaha kupinga Rwanda. Michel Rukunda, aliyeasi jeshi la Kongo na kuongoza Twirwaneho, kundi la Banyamulenge lenye silaha, aliuawa Februari 2025. Baada ya hapo kundi lake likajitangaza kuwa upande wa M23. Kijana wa Minembwe anabaki kuchagua kati ya jeshi lisilomwamini na jirani asiyekiri kumtuma.

Kinshasa nayo inafaidika na hali hii, na jambo hili husemwa kidogo mno. Adui wa nje akishapatikana, hakuna anayeuliza kwa nini mishahara ya askari inaliwa na makamanda, wala kwa nini Goma, mji wenye watu wanaokaribia milioni mbili, ulitekwa kwa siku chache. Tshisekedi alikataa kwa muda mrefu kukaa na M23 kwa hoja kwamba ni kivuli tu cha Rwanda. Hoja ina ukweli, lakini ilimruhusu pia kukwepa malalamiko ya ardhi, uraia na wakimbizi, ambayo yangekuwepo hata kama Rwanda isingekuwepo kwenye ramani. Burundi imepeleka maelfu ya askari kumsaidia, na hao angalau wamealikwa rasmi. Uganda ina askari wake wanaowasaka ADF, waasi wenye asili ya Uganda, huko Ituri na Beni kwa makubaliano na Kinshasa, huku wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakisema imewapitisha M23 katika ardhi yake.

Je, shinikizo hufanya kazi? Mwaka 2012 liliwahi kufanya. M23 waliingia Goma Novemba 20, wafadhili wakasitisha sehemu ya misaada kwa Rwanda, na mwaka uliofuata Baraza la Usalama likaunda brigedi maalumu ya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, ikiongozwa na Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Kufikia Novemba 2013 kundi lilikuwa limesambaratika. Vijana wetu walikufa katika kazi ile. Mara hii mambo ni tofauti. Baraza lilipitisha azimio 2773 Februari 2025 kwa kura zote, likiitaja Rwanda kwa jina na kulitaka jeshi lake liondoke. Lakini askari wa Rwanda ndio wanaolinda Cabo Delgado nchini Msumbiji, kwenye mradi wa gesi wa TotalEnergies, kwa fedha ambazo sehemu yake imetoka Umoja wa Ulaya, na umoja huohuo ulisaini na Kigali makubaliano ya madini Februari 2024. Kikosi cha SADC, chenye Watanzania ndani yake, kilivunjwa Machi 2025 baada ya kupoteza askari, kikaondoka kwa barabara kupitia Rwanda hadi Chato. Ningeomba kila anayesema "Waafrika wamalize wenyewe" autafakari msafara ule.

Makubaliano ya Washington yana kitu kimoja ninachokiunga mkono: yanaziunganisha ahadi mbili, Kongo iwamalize FDLR na Rwanda iondoe hatua zake za kujihami. Udhaifu ni kwamba kila upande unamngoja mwenzake aanze, na anayekana kuwa na askari Kongo hawezi kutoa ratiba ya kuwaondoa. Bila wakaguzi wanaoruhusiwa kufika Rutshuru, Masisi na Walikale bila kuomba kibali kwa yeyote mwenye bunduki, ahadi hizo haziwezi kupimwa.

Ndiyo maana mimi naitazama Arusha kuliko Doha. Kongo iliwahi kuishtaki Uganda katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki na ikashinda mwaka 2005, na mwaka 2022 Uganda ikaamriwa kulipa dola milioni 325. Kesi dhidi ya Rwanda mahakama hiyohiyo iliitupa mwaka 2006 kwa sababu Rwanda haikuwa imekubali mamlaka yake, kwa hiyo ushahidi haukusikilizwa. Safari hii Kongo imekwenda katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha. Rwanda ilipinga kwamba mahakama haina mamlaka juu ya mambo yanayodaiwa kutendeka nje ya mipaka yake. Juni 26, 2025, majaji walilikataa pingamizi hilo na kuipokea kesi. Hatua inayofuata ni ushahidi wenyewe, na Kigali itapaswa kujibu mbele ya majaji wa Kiafrika kama askari wake walikuwa Kongo au hawakuwa.