Penalti ya Balotelli na mabao 31 ya Suárez

Kila dirisha la usajili likifunguliwa mabishano huwa yaleyale: tumchukue fundi anayewasumbua makocha, au huyu wa kawaida anayejitoa kwa ajili ya wenzake?

Wanaotaka kipaji wana hoja nzito. Machi 8, 2020 winga Mghana Bernard Morrison aliifungia Yanga kwa mpira wa adhabu, Simba wakalala 1-0. Agosti mwaka huohuo akatambulishwa Msimbazi, kwa Simba haohao, ukazuka mvutano wa mkataba uliofika hadi CAS, mahakama ya kimataifa ya usuluhishi wa michezo, na Yanga wakashindwa kesi. Mwaka 2022 Yanga haohao wakamrudisha. Mtu anayeweza kumfunga mtani wa jadi hasahauliki kirahisi, na viongozi wanajua mashabiki watawauliza kuhusu mabao kabla ya kuuliza kuhusu nidhamu.

Ila nadhani tukisema "tabia" tunachanganya vitu viwili. Kuna nidhamu: hasira, kadi, ugomvi, kuchelewa kambini. Na kuna kucheza kwa ajili ya timu: kuwaona wenzako na kujitoa kwa ajili yao. Mchezaji anaweza kukikosa kimoja akawa nacho kingine, na Liverpool waliyaona yote mawili ndani ya miaka michache.

Januari 2011 walimnunua Luis Suárez kutoka Ajax, miezi miwili na ushee baada ya kumng'ata Otman Bakkal wa PSV. Akiwa Liverpool alifungiwa mechi 8 kwa maneno ya kibaguzi dhidi ya Patrice Evra, kisha mechi 10 kwa kumng'ata Branislav Ivanović. Mwaka 2013 akajaribu kulazimisha kuondoka hadi kocha Brendan Rodgers akamwamuru afanye mazoezi peke yake. Hayo si mambo madogo, na neno la kibaguzi halisafishwi na mabao. Lakini tazama msimu wa 2013/14. Aliporudi kutoka kifungoni alifunga mabao 31 katika mechi 33 za ligi, na hakuna hata moja la penalti. Penalti zilikuwa za nahodha Steven Gerrard. Suárez akipoteza mpira, alikuwa wa kwanza kumkimbiza beki. Liverpool wakaukosa ubingwa kwa pointi 2.

Suárez alipouzwa Barcelona, nafasi yake akaletwa Mario Balotelli kwa pauni milioni 16. Kipaji chake hakuna aliyekitilia shaka. Februari 2015, Europa League dhidi ya Besiktas pale Anfield, ikapatikana penalti dakika za mwisho. Gerrard hakucheza, na mpigaji aliyepangwa alikuwa Jordan Henderson, nahodha wa siku hiyo. Balotelli akauchukua mpira, akagoma kuuachia, akapiga, akafunga. Liverpool wakashinda 1-0. Gerrard, aliyekuwa akichambua kwenye televisheni, hakulifumbia macho lile tukio licha ya ushindi. Msimu ule Balotelli alimaliza na bao 1 la ligi.

Kwangu mimi, penalti ile inasema mengi kuliko rekodi ya kadi. Mwenye hasira unaweza kumfungia, kumkata mshahara, kumkalisha chini na wazee wa timu. Asiyeona wenzake uwanjani ni mgumu zaidi kumbadilisha, maana hata akifunga haoni alipokosea.

Upande wa pili pia una shimo lake. Kwenye ligi zetu sifa ya "mchezaji mwenye nidhamu" mara nyingi hupewa mtu asiyedai haki yake. FIFA imeshazifungia klabu zetu kadhaa kusajili kwa sababu ya madeni ya wachezaji. Kanuni zake zinamruhusu mchezaji kuvunja mkataba asipolipwa miezi miwili, baada ya kutoa notisi ya siku 15. Anayegomea mazoezi kwa kudai mshahara wake si msumbufu, na klabu inayomkwepa kwa jina hilo inajikosesha mchezaji kwa kosa la mwajiri wake wa zamani.

Ndiyo maana video ya dakika tatu ya chenga na mabao haitoshi kumsajili mtu, na maneno ya wakala hayatoshi kumkataa. Mtu wa usajili aende akamtazame dakika 90, tena ugenini, timu yake ikiwa nyuma. Aangalie anafanya nini mpira ukipotea, na anakwenda wapi kocha akimtoa. Kisha amtafute mtunza vifaa wa klabu yake, na kabla ya kumuuliza habari za tabia, aulize kama mishahara imelipwa.